Wameliezua jumba, sasa wanangojea masika

Assalaam alaykum jamaa zangu. Nimekaa kimya muda mrefu, kazi na mambo ya nyumba, lakini leo nikisema nisiandike ntakuwa najidhulumu mwenyewe. Mnaokijua kichochoro chetu huku Mji Mkongwe mnalijua lile jumba la mwisho kabisa, la ghorofa tatu, lenye roshani ya mbao na baraza ndefu mbele. Jina lake siliandiki wala la wenyewe, wazee wamenisisitiza sana kwa hilo mana mambo bado yako njiani na hatutaki mtu aje akashika neno. Wa mtaani mmeshalijua.

Wiki tatu nyuma, alfajiri watu ndo wanatoka msikitini, wakaja vijana sita hivi na ngazi, wakapanda juu wakaanza kuezua. Bati moja baada ya jengine, wanayashusha kwa kamba, hawasemi na mtu. Sie tulidhani wanatia mabati mapya na wallahi tulifurahi, mama akawapelekea chai na mkate wa ufuta, mana yale mabati yalishatoboka zamani na kila mtu alikuwa akisema hivi hawa wenyewe hawalioni. Magharibi wakapakia mabati kwenye mkokoteni wakenda zao. Kesho yake hawakurudi. Keshokutwa hawakurudi. Wiki ya pili walipokuja hawakuja na mabati, walikuja kuung'oa mlango.

Hapo ndo mtaa ulipowaka.

Ule mlango mie nimejifunzia tarakimu. Juu yake pana maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria umechongwa, na bibi yangu alikuwa akininyanyua nipitishe kidole kwenye kila tarakimu niitaje ndo anipe mandazi. Pembeni pamechongwa mnyororo, chini kabisa pana samaki, kati maua, na vile vichwa vya shaba ambavyo vingi vishaibiwa lakini vilobaki watoto bado wanavisugua vinang'aa. Sasa mtu anakuja na mtaimbo na nyundo asubuhi kweupe, anautia mtaimbo kwenye fremu. Bi mkubwa wa nyumba ya pili, mtu mzima ambae hata kwenda msibani siku hizi anashikwa mkono, alitoka na kanga yake akakaa juu ya kizingiti. Akamuuliza yule kijana, "Mwanangu, mlango waupeleka wapi?" Kijana akamwambia unakwenda kutengenezwa bibi. Akasema "Nani kakwambia umeharibika?" Basi hakuondoka pale. Wakaja mama zetu na mbuzi zao za kukunia nazi, wakaja vijana wa kahawani, watoto wa skuli wakasimama na mikoba mgongoni, mpaka akaitwa sheha, mkubwa wa serikali hapa mtaani, akaja, na mafundi wakafunga vifaa vyao wakaondoka. Hakupigwa mtu, hakutukanwa mtu, nataka hilo lijulikane mana kuna maneno yanazunguka kuwa watu wa mtaa wamewafanyia fujo mafundi, si kweli, nlikuwepo toka mwanzo mpaka mwisho.

Jioni ile ndo picha zikaanza kuingia kwenye grupu la mtaa, sijui nani kazitoa. Michoro ya hoteli. Jumba limeongezwa ghorofa mbili juu, bwawa la kuogelea darini, na chini kuta za ndani zote zimeondoshwa pamekuwa ukumbi mmoja mkubwa wa mapokezi na vioo. Baraza haipo. Pale tulipochezea bao, pale maiti wa mtaa huu wote walipopumzishwa watu wakikusanyika kabla ya kwenda kusaliwa, pamechorwa vyungu vya mauwa na kamba.

Mie nimezaliwa ndani ya jumba lile. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi mjini yalichukuliwa na serikali wakatiwa watu, na humo tuliishi familia tano, sie tulikuwa na vyumba viwili ghorofa ya pili upande wa uwani. Kwa hio siandiki kama mtu anaelipenda kwa kulipiga picha. Naijua harufu ya chokaa yake ikirowa. Najua ngazi ya ngapi inalia. Vyumba vyake virefu na vyembamba na watu wa kuja huwa wanashangaa, kwani nyumba kubwa hivi vyumba kama ushoroba, na sababu ni boriti. Boriti za mikoko haziendi zaidi ya kama mita 3 hivi kutoka ukuta mpaka ukuta, basi fundi alijenga chumba kwa urefu wa mti alionao. Kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, unene wake dhiraa na zaidi, ndo mana mchana wa Januari jua linapasua nje na ndani unajifunika shuka. Bibi alikuwa akihadithia vipi sakafu ilivokuwa ikipigwa, watu wamepanga mstari na vigongo vidogo mkononi wanaponda chokaa na kokoto huku wanaimba, siku na siku, mpaka inakuwa ngumu haipitishi maji. Mabati yalikuja baadae kuizuia mvua.

Na hapa ndo kwenye jambo nnalotaka kulisema, mana watu wengi hawalifahamu, wanadhani nyumba ya zamani inaanguka kwa uzee.

Kuna ami yetu mmoja fundi wa chokaa, kafanya kazi hii maisha yake yote, nlikwenda nae tukalitizama jumba kwa juu kupitia dari ya jirani. Akakaa kimya kidogo kisha akanionesha vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani. Akasema hapa ndo pa kufia. Maji yakiingia juu yanateremka ndani ya ukuta, kile kichwa cha boriti kimo ndani ya ukuta hakioni jua, kinaoza taratibu, na boriti ikioza kichwa inaachia, sakafu inashuka, na ile sakafu ndo ilokuwa inazishika kuta mbili zisikimbiane. Sakafu ikenda, ukuta unatoa tumbo. Ukuta ukitoa tumbo atakuja injinia na karatasi yake aandike HATARI, na hapo hakuna wa kubisha mana kweli itakuwa hatari, watu watahamishwa, jumba litabomolewa kwa sheria na kibali cha jengo jipya kitatoka kwa raha. Nyundo ya nini? Unaezua mwezi wa pili, unasubiri masika ya Machi mpaka Mei, kazi imekwisha. Ami akasema masika mawili tu, la tatu halifiki.

Nlishuka dari ile miguu inatetemeka.

Mana ukuta wa jumba lile ndo ukuta wa nyumba tunayokaa sasa. Mji huu nyumba zimeegemeana, boriti za kwetu upande mmoja zimelala kwenye ukuta wao. Likitoa tumbo lile hatuwi watazamaji. Na mtu asitwambie tunazidisha, sote tunakumbuka tarehe 25 Disemba 2020. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash la 1883, jumba lilostahamili mizinga ya Waingereza ya 1896, liliporomoka upande mchana likiwa kwenye matengenezo na likauwa watu wawili. Nlikuwa bustani ya Forodhani, mbele yake, siku ile. Vumbi lilikuja mpaka kwenye meza za urojo, watu wanakimbia bila ya kujua wanakimbilia wapi, mzee mmoja kasimama tu analia kama mtoto. Lile lilikuwa jumba linalojulikana dunia nzima. La kwetu hili likianguka usiku watu wamelala nani atakuja na kamera?

Wazee hapa kila wakikaa wanaitaja Mambo Msiige. Wadogo zangu hamkuikuta kama tulivoikuta sie. Lile jumba la Shangani la karne ya 19, tukihadithiwa kuwa mwenyewe alitia mayai maelfu kwenye chokaa ili ukuta usife na ndo akaliita vile, mambo msiige, mana hakuna wa kumfuatiza. Lilikaa wamisheni, likakaa ubalozi mdogo wa Uingereza, likawa ofisi za serikali, na pembeni palikuwa na uwazi watu wanapita kwenda pwani, jioni vijana wanacheza mpira mchangani. Ulipokuja mradi wa hoteli watu walisema sana, mpaka Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ikaingia kati kuhoji ukubwa na urefu wa lile jengo jipya lilopachikwa ubavuni. Hoteli ikafunguliwa 2015. Jumba la zamani lipo, limetengenezwa, siwezi kusema limevunjwa, lakini uwazi ule haupo tena, na nikipita na mwanangu nikamwambia hapa tulikuwa tukicheza ananitizama kama namdanganya.

Sasa kuna kijana wetu mmoja wa mtaani, simtaji, alisema neno kwenye grupu watu wakamvamia na mie nilisikitika walivomvamia. Alisema, nyie wazee mnalilia jumba, mie sina kazi mwaka wa tatu, hoteli ikija ntapata hata ya kubeba mabegi, jumba hili tokea nimezaliwa halijanipa hata sahani ya wali. Mie nilimpigia simu usiku tukaongea karibu saa nzima. Kasema kweli yake na hakuna mtu wa kumdharau kwa hilo. Lakini nlimwambia, kaka, nani kakwambia kazi lazima ije kwa kubomoa? Njoo nikupeleke Mizingani utizame jumba la Tharia Topan, Dispensari ya Zamani, lilianzwa 1887 likamalizwa 1894, mwenyewe akafa hajaliona limekwisha, na miaka ya 90 lilikuwa linakufa kabisa mpaka Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukalitengeneza, roshani zote zile za mbao moja moja, na mafundi vijana wakajifunza humo kazi ya chokaa na kuchonga ambayo wengine ndo wanakulia mpaka leo. Hoteli ngapi mjini zimo ndani ya majumba ya zamani na kuta zake ziko salama na boriti zake zinaonekana, na mgeni analipa fedha nyingi kwa sababu ya zile boriti! Mgeni hatoki kwao akapanda ndege akaja Unguja kutizama vioo. Kaka yule hakunikubalia yote lakini kasema Jumapili atakuja.

Sie hatukatai hoteli. Naliandika hili mara moja na naomba anaelisambaza andiko hili asilikate hapa. Muekezaji akija akatia paa, akatumia chokaa badala ya saruji (mana saruji inaufungia ukuta, unyevu haupati pa kutokea, chumvi inaula ndani kwa ndani mpaka lipu inabanduka na mawe yake), akauwacha mlango na baraza na asiongeze ghorofa juu ya kuta ambazo hazikujengewa mzigo huo, wallahi mama atampelekea chai tena. Tunachokikataa ni hichi cha kuliezua na kuliwacha liuliwe na mvua kisha tuambiwe limekufa lenyewe. Na tunakataa kujua khabari za mtaa wetu kwa picha za kwenye simu. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tokea mwaka 2000, una majengo ya zamani kama 1,700, una sheria yake ya kuuhifadhi. Haiwezekani mtu anaetaka kubadilisha dirisha lake aombe kibali na jumba zima livuliwe paa bila ya mtu kuulizwa.

Tulikwenda ofisi moja, siitaji, mie na bi mkubwa na wazee wawili. Tumekaa kwenye viti toka saa mbili mpaka saa sita na nusu. Tukaambiwa faili halionekani, tuje wiki ijayo. Bi mkubwa akauliza kwa upole kabisa, "Na mvua nayo nimwambie ije wiki ijayo?" Yule binti wa mapokezi aliinamisha kichwa, nadhani alifahamu. Barua tumeiacha, ina saini 214, wengine wametia dole gumba, nakala ninayo na imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Juzi Jumatano imenyesha ya kwanza. Si kubwa, kama dakika ishirini, lakini nlikuwa nimelala na nikasikia maji yanaporomoka ngazini mle ndani, kwenye ngazi ile ile, na mama akaamka akaja akakaa kitandani kwangu hajasema kitu.

Kwa hio Jumapili baada ya sala ya alasiri tunakutana barazani, pale pale kwenye jumba. Sheha kakubali kuwepo. Tunataka idhini ya maandishi ya kufunika juu kwa turubai kwa muda, kwa gharama yetu, mpaka faili lionekane. Ami fundi kapima, zinahitajika turubai kubwa nane na boriti za kuegemeza sakafu ya ghorofa ya tatu kama ishirini. Turubai tatu zimeshapatikana, mbili kutoka kwa wavuvi wa Malindi, moja ya harusi kaitoa jirani. Mwenye turubai aje nayo, mwenye kamba aje nayo, alie nje ya nchi na ana picha za zamani za jumba lile, ndani au nje, hata za harusi ya shangazi yake, anitumie, mana tunataka kuonesha vipi lilivokuwa kabla hawajaligusa. Na kama kuna anaejua yale mabati yamekwenda wapi, anambie.