Siku moja maishani mwangu: mkono wa kushoto wa jemadari

Saa mbili kasorobo asubuhi nashuka kwenye tramu, Nottingham, Uingereza, mvua inanyunya. Mji huu ndiko yaliko makao ya Games Workshop, waliotoa Warhammer, mchezo wa vita unaochezwa mezani kwa vinyago vidogo, mwaka 1983, na kampuni ndogondogo za vinyago vya vita zimechipua pembeni yao. Mimi niko kwenye mojawapo, dawati la wateja.

Saa mbili. Barua pepe 31, nyingi kilio kilekile: kipande hakimo. Mteja mmoja wa mji wa Leeds kafungua boksi, jemadari wake hana mkono wa kushoto. Zamani tungemdai risiti, picha, namba ya oda, halafu asubiri wiki mbili. Kwa mkono wa rezini, aina ya plastiki, wa senti chache! Tangu Machi natuma tu. Bosi aliogopa tutaibiwa. Kweli, yupo jamaa aliyepotelewa na farasi watatu mwezi mmoja. Huyo nilimpigia simu.

Saa nne, stoo. Uzito wa kila boksi umeandikwa ukutani, na tuna mzani wa jikoni. Fremu nzima ya plastiki yenye vipande ikisahaulika, mzani unaumbua. Mkono wa rezini je? Haushtui mzani. Kwa hiyo vipande vidogo vinapangwa kwanza kwenye trei ya vishimo. Kishimo kikiwa kitupu, boksi halifungwi. Wazo la dada anayefungasha, ingawa kwenye kikao lilisifiwa la meneja.

Hapohapo nachukua mkuki uliopinda. Nauchovya kwenye kikombe cha maji ya moto, naunyoosha kwa vidole, nauzamisha kwenye maji baridi ukakamae. Nusu dakika. Nampigia picha hatua zote mteja aliyetaka kurudisha kikosi kizima.

Saa saba, simu kutoka Tanga.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Bado unauza vile vidoli?”

“Bado, mama.”

“Na watu wazima wananunua?”

Saa nane, Mjerumani kadaiwa kodi ya VAT mlangoni ilhali alishatulipa sisi. Tangu Julai 2021 hata kifurushi cha bei ndogo kinachoingia Umoja wa Ulaya hutozwa, na sisi hatukuweka namba yetu ya kodi kwenye taarifa za forodha. Kosa letu. Narudisha pesa, naomba radhi.

Saa tisa ndiyo ngumu. Kanuni ya mchezo wetu inasema kikosi kilichosogea hakipigi mishale. Je, kugeuka papo hapo ni kusogea? Mtunzi wa kanuni anasema iko wazi. Namwomba tucheze. Tunapanga wapiga mishale mezani, futi na dadu pembeni, anasoma mstari wake kwa sauti, anausoma tena, ananyamaza. Saa kumi na nusu masahihisho yametoka, bure kwa wote.

Saa kumi na moja nafunga bahasha ya Leeds. Nafika mlangoni, narudi, naichana: nataka kuhakikisha si mkono wa kulia.