Nilivyoandaa bethidei ya binti yangu na wenzake kulala kwetu

Binti yangu alipokaribia kutimiza miaka 8 aliomba jambo moja: marafiki zake waje walale. Nilikubali, na mipango yote nikaianzia kwenye usiku, si kwenye sherehe. Jioni watoto hujifurahisha wenyewe. Usiku wa manane, mtoto anapozinduka kwenye nyumba ngeni, mwenye nyumba ndiye anayetakiwa kuwa amejiandaa.

Tulialika wasichana watano, yeye akawa wa sita. Nilitaka jumla igawanyike kwa mbili, maana wa umri huo hujitenga wawili wawili, na anayebaki bila mwenzake huumia sana hata kama hasemi.

Kabla ya kadi yoyote nilimpigia simu kila mzazi. Kuna chakula kinachomdhuru? Ana pumu, na dawa yake ya kuvuta atakuja nayo? Amezoea kulala taa ikiwaka? Ameshawahi kulala mbali na nyumbani? Nami nikawaeleza bila kusubiri kuulizwa: usiku huo nyumbani tutakuwa mimi na mume wangu, kaka zake watalala kwa bibi yao, na hakuna picha ya mtoto yeyote itakayorushwa mtandaoni. Mzazi anastahili kuyajua hayo bila kujisikia vibaya kwa kuyauliza.

Mama mmoja alinong'ona kwamba binti yake bado hukojoa kitandani mara mojamoja. Katika umri huo bado wapo watoto wengi wa namna hiyo, wala si uvivu wala ukaidi. Mwili huchelewa tu kukomaa. Nilitandika nailoni chini ya shuka kwenye magodoro yote, ili lake lisijulikane. Nguo ya kulalia ya akiba niliiweka bafuni, mahali tulipopajua yeye na mimi tu. Vinywaji vilikoma mapema, wote wakaenda chooni kabla ya kulala, na taa ndogo ikabaki inawaka ukumbini hadi mlango wa choo.

Michezo ya kukimbizana na keki niliviweka mwanzoni, kisha kuoga. Baada ya hapo nilichagua kazi moja ya utulivu: kuchora foronya. Kila msichana alipewa foronya nyeupe na kalamu za kuchorea vitambaa. Ndani ya kila foronya niliingiza kipande cha kadibodi, rangi isipenye upande wa pili. Ilipokauka nilizipiga pasi mwenyewe, nimeweka kitambaa juu ya mchoro, ili rangi isitoke zikifuliwa. Walikaa kimya kabisa, vichwa vimeinama, mmoja akichora paka mwenye kope ndefu kuliko masharubu. Foronya hizo ndizo walizolalia, na kila mmoja akaondoka na yake. Ningerudia kazi hiyo kesho.

Hadithi za kutisha nilizikataza tangu mwanzo. Saa tatu na nusu taa ilizimwa, mimi nikalala chumba cha jirani, mlango wazi. Minong'ono na vicheko viliendelea hadi saa tano kupita, nami niliwaacha. Hicho ndicho walichokuja kukifuata.

Karibu saa sita mmoja alianza kulia akimtaka mama yake. Tulikuwa tumeshakubaliana na wazazi wote kwamba mtoto anaweza kupiga simu saa yoyote, na akitaka kurudi nyumbani atafuatwa bila maneno. Nilimpeleka jikoni wenzake wasiamke, nikamuuliza kama angependa kupiga simu sasa hivi au anywe maziwa ya moto kwanza. Alichagua simu. Alipoisikia sauti ya mama yake na kujua kwamba mlango haukufungwa kwake, aliomba mwenyewe arudi kulala.

Muda wa kuwachukua niliuandika kwenye kadi: saa nne asubuhi. Wasiolala vya kutosha huanza kugombana kabla ya mchana, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Hawakuzifikia. Kwa hiyo kila mzazi nilimwambia pale mlangoni binti yake alisinzia saa ngapi, ili mchana ule ampumzishe na jioni amlaze mapema.