Upepo wa ubavuni haujali maandalizi yenu

Waandaaji wenzangu wa mbio za baiskeli za umma, mvua peke yake si sababu ya kufuta. Upepo ndio unaoangusha watu. Machi 2017, Cape Town Cycle Tour, mbio kubwa za baiskeli za umma za Afrika Kusini, ilisimamishwa muda mfupi tu baada ya kuanza, kwa sababu upepo ulikuwa ukiwapeperusha waendeshaji pamoja na baiskeli zao. Ulikuwa uamuzi sahihi kabisa.

Msiangalie wastani wa kasi ya upepo, angalieni vishindo vyake, yaani mivumo mikali ya ghafla. Kishindo cha ubavuni hukamata rimu yenye ubavu mpana na kumsukuma mtu mita nzima pembeni, na kwenye kundi lililobanana akianguka mmoja wanaanguka kumi. Hatari zaidi ni madarajani na pale ukuta au safu ya miti inapoishia ghafla. Mahema na vizuizi vya chuma navyo huruka, kwa hiyo vilazeni chini kwanza.

Radi haina mjadala. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: zikiwa 30 au pungufu, radi iko kama kilomita 10 au karibu zaidi, simamisheni. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Tangazeni jioni ya kuamkia siku yenyewe ikiwezekana, kabla watu hawajafunga safari. Waliokwisha kuanza mbio wageuzwe kwenye vituo vya maji, si katikati ya mteremko, na mabasi yapite kuwachukua. Na orodha ya namba za waendeshaji ihakikiwe mpaka wa mwisho apatikane, tafadhali.