Tafuta watu watakaokuuliza jana ulikuwa wapi

Kila nikifungua status asubuhi nakutana na mtu ananiambia niwekeze kwangu mwenyewe. Amka saa kumi alfajiri, soma kurasa kumi, kata marafiki wasio na faida, kaa kimya fanya yako. Sasa hiyo ya saa kumi jamani, huku Dar nani anayekaa pembeni kule Chanika au Mbande ana kazi mjini halafu hajaamka saa kumi? Watu saa kumi na moja wako kituoni wanagombania gari, wa soko la samaki Feri washafika mnadani, mama wa chapati ameshakanda unga na mkaa umeshika. Ingekuwa kuamka mapema ndo utajiri basi Mbagala yote ingekuwa Masaki.

Ila hiyo ya saa kumi nacheka tu napita, inayonikera kweli ni hiyo ya kukata marafiki.

Mwaka juzi dada yangu alinikokota kwenye semina ya kujitambua, ukumbi uko Sinza, kiingilio elfu hamsini na chai humo humo, kalipa yeye. Aisee spika anajua kuongea, hilo sipingi. Tulisimama, tukaambiwa mgeukie jirani yako mwambie wewe ni mshindi, jirani yangu alikuwa baba wa makamo tai imembana shingo, akaniambia mi ni mshindi huku macho yako kwenye sahani ya sambusa. Mwisho tukaelezwa kumbe ile ilikuwa utangulizi, mafunzo yenyewe yako awamu ya pili, laki mbili. Sisemi wote matapeli, kuna watu walitoka pale wamechangamka kabisa. Tatizo linakuja Jumatatu, umerudi kwenye foleni, bosi kanuna, luku imeisha, na hamna mtu hata mmoja anayekupigia kukuuliza vipi lile ulilosema utafanya.

Mi naona hapo ndo pamelala jambo lote. Mtu wa Dar nia anayo, tena ya kumwaga, we kaa na watu wiki ya kwanza ya Januari uwasikilize. Anachokosa ni mtu wa kugundua kwamba leo hajaja. Kwa hiyo mtu akiniuliza aanze na nini kujiendeleza simwambii anunue kitabu, namwambia atafute kikundi ambacho akikosekana wanamuulizia.

Chukua jogging. Kwa ambao hamkai huku Temeke, Jumapili asubuhi barabara zetu ni za klabu za jogging, kila mtaa una ya kwake, wana jezi zina jina mgongoni, mbele pikipiki ina kitambaa chekundu kuzuia magari, nyuma kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimebeba spika na maji. Mtu anaongoza nyimbo wengine wanaitikia, ule ule mchakamchaka wa shule ya msingi ila sasa mchaka ni wa watu wazima wenye vitambi. Sisi tunatokea Tandika tunaenda mpaka Uwanja wa Mkapa tunageuza. Sasa kinachonifanya nitoke kitandani Jumapili sio afya, niwe mkweli, ni katibu. Katibu wetu ni mama mmoja anauza mitumba, ana kaunta buku la mahudhurio, amelivisha jaladio la gazeti halafu juu nailoni, majina yamepangwa na mistari kapiga kwa rula. Umekuja anakuwekea vema ya bluu, hujaja anaacha wazi, na jioni anakupitia kwako au anakupigia, "mdogo wangu leo sijakuona, mzima?" Hana ukali wowote, anauliza tu. Wiki ya pili ukikosa anakuja na mtu mwingine wanakaa kabisa wanakunywa chai.

Na ndani ya hiyo jogging unapata mambo ambayo hukuyafuata. Kuna nesi kwenye klabu yetu, akipata nafasi anakuja na kimashine cha presha tukimaliza mazoezi, tunakaa kwenye kivuli tunanyoosha mkono mmoja mmoja. Mzee wa bucha alikuwa anakataa kila siku, eti yeye chuma. Siku wamemshika kwa utani akakaa, juu ikasoma 180 na kitu. Nesi hakusema kitu mbele ya watu, akampumzisha, akarudia, halafu akamvuta pembeni. Kesho yake wawili wakampeleka hospitali maana wote tunajua angeachwa aende mwenyewe asingeenda. Leo anakunywa dawa zake na anatembea nyuma ya kundi na wale wenye magoti mabovu, anapiga stori kuliko wote. Haya niambie, ni semina gani ingemtoa yule mzee buchani?

(Ramadhani mbio za asubuhi tunasimamisha, wanaoweza wanatembea jioni kabla ya futari. Nasema hivi maana huwa naulizwa.)

Halafu hili wala sio jipya, wazee wetu walilijua zamani. Mwalimu Nyerere alitangaza 1970 uwe mwaka wa elimu ya watu wazima, na 1973 ikaja ile kampeni ya Mtu ni Afya, kipindi kilikuwa kinarushwa redioni na nchi nzima watu kama milioni mbili wakakaa kwenye vikundi kusikiliza. Baba yangu mdogo alikuwa kijana Utete enzi hizo, ananihadithia walivyokuwa wanakusanyika chini ya mwembe, redio moja, kitabu kimoja anasoma anayejua kusoma, kipindi kikiisha wanajadili malaria, kichocho, safura, kisha wanakubaliana kila nyumba ikafanye nini. Huyu achimbe choo, yule afyeke majani, fulani afukie dimbwi. Mkutano unaofuata swali la kwanza ni choo kimefika wapi. Baba mdogo anasema kulikuwa na mzee hapendi mambo ya serikali hata kidogo ila choo alichimba, maana ingekuwa aibu kila wiki kusomwa jina.

Leo mi nasikiliza podikasti nzuri tu za afya na pesa kwenye mwendokasi, nimesimama nimebanwa na begi la mtu, earphone moja imekufa, nashuka Gerezani nimejifunza vitu vya maana kabisa. Na nani ataniuliza choo kimefika wapi? Hamna. Kesho nasikiliza nyingine.

Jirani yangu wa genge ndo amenifanya niandike haya. Aliachishwa shule form two kwa ujauzito, kipindi kile ukipata mimba ndo basi tena, ruhusa ya wasichana waliojifungua kurudi shuleni serikali imeitoa mwishoni mwa 2021 na yeye wakati huo mtoto ashakuwa mkubwa na genge limeshasimama. Kuna mteja akamwambia habari za QT, yaani Mtihani wa Maarifa, ambao mtu aliyekatisha sekondari anaufanya, akifaulu anaruhusiwa kufanya wa form four kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akajiandikisha masomo ya jioni. Siku moja nimeenda kuchukua mchicha nikamkuta kakunja goti, kachana boksi la maziwa analitumia kama karatasi, anatafuta x. Wateja wawili tunasubiri. Akasema "ngojeni kwanza, nikiiacha hii inanikimbia," tukangoja, mwenzangu akaanza kujipimia nyanya mwenyewe. Ilipopatikana akaizungushia duara na kalamu nyekundu kama mwalimu ndo akanifungia mchicha.

Nikamuuliza anawezaje, genge, mtoto, shule usiku. Akaniambia asingeweza, wako watano. Kuna bodaboda, kuna mlinzi, kuna wamama wawili, wamekaa dawati la nyuma pamoja toka siku ya kwanza kwa sababu madawati yale ni ya watoto wa msingi na wao magoti hayaingii. Mlinzi kazi yake ni jiografia, usiku akiwa lindoni anasoma kwa sauti anarekodi vois anawatumia kwenye grupu, unasikia kabisa mbwa wanabweka na yeye anaendelea na mito ya Afrika. Bodaboda ndo anawapeleka nyumbani wakitoka saa mbili, anawalipisha ya mafuta tu. Grupu lina sheria moja, hakuna kufowadi chochote kisicho cha somo, hata dua hapana. Na aliyekosa darasa anapigiwa usiku huo huo, sio kesho. Mwezi ule mtoto wake alipougua alitaka kuacha, wenzake wakamfuata gengeni wakamsaidia kufunga genge.

Sijui matokeo yatakuwaje na wala hilo sio la leo.

Kuna mafundi pia wanaosoma hapa, nyie semeni na VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Kama umejifunzia gereji Gerezani toka uko mdogo, mikono inajua ila cheti huna, kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi, unapimwa kwa unachokifanya halafu unapata cheti. Nendeni wawili watatu wa gereji moja, peke yako utaahirisha mpaka uzeeke.

Kusoma vitabu sina maneno mengi. Maktaba Kuu ipo pale barabara ya Bibi Titi toka 1967, ingia, kaa, kuna utulivu ambao mtaani hauupati hata usiku. Nimeona vijana wanakutana pale Jumamosi, kila mtu na kitabu chake, saa sita wanatoka nje wanasimuliana kwenye muhogo. Huo mtindo naupenda.

Pesa sasa. Wengi tunaanzia kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana, na kikoba ni shule ambayo haina ubao, unanunua hisa kila wiki, unatoa ya mfuko wa jamii, unakopa mpaka mara tatu ya ulichoweka kama katiba yenu ndo inasema hivyo. Ila faida kubwa niliyoiona sio gawio. Kuna shoga yangu alikuwa hawezi kuongea mbele ya watu watatu, wakamchagua mweka hazina kwa sababu tu ana mwandiko mzuri, mwezi wa kwanza anasoma mahesabu kainamisha kichwa, sauti haitoki, wamama wa nyuma wanapiga kelele "pandisha sauti mwanangu hatusikii hela zetu!" Sasa hivi anasimamia vikao vya wazazi shuleni kwa mwanae, mwalimu mkuu mwenyewe anamuogopa kidogo. Sisi kikoba chetu kimeanza kuchukua sehemu ya akiba na kununulia vipande UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ule Mfuko wa Umoja upo toka 2005, kwa sababu hela ikikaa tu kwenye sanduku la funguo tatu, kila funguo na mtu wake, haizai, na kukopeshana sisi kwa sisi kuna kikomo.

Najua mtasema vikundi navyo vina mambo. Kweli vina mambo! Sare kila mwezi wa sherehe, michango isiyoisha, majungu, na kuna watu wameamka asubuhi mwenyekiti kahama na sanduku. Sibishi. Kwa hiyo usiingie kwa sababu shoga yako yumo au jezi nzuri. Nenda mara ya kwanza kama mgeni, kaa nyuma, sikiliza. Mahesabu yanasomwa kwa sauti watu wote wakiwepo au yanatumwa kwa simu usiku? Mtu akichelewa anaulizwa kwa heshima au anachambwa? Asiyekuja wanamuulizia au wanamsema? Kuna mtu mdogo kwa umri anayeruhusiwa kumkosoa mkubwa? Omba kuona daftari, na mtu asikudanganye eti mgeni haruhusiwi, daftari safi huwa wenyewe wanakuonyesha kabla hujaomba.

Na ukikuta mwenyekiti ndo katibu ndo mweka hazina, na funguo zote tatu ziko kwenye pochi moja, kunywa soda yao, washukuru, panda bajaji urudi kwako.