Ulianza lini kujiona mwalimu?

Supavaiza wangu amenirudishia propozo ya utafiti kwa mara ya pili na safari hii kaniambia kitu kimoja tu: "Mwalimu mwenyewe yuko wapi humu?" Nilikua nimeandika kurasa kumi na nane kuhusu mafunzo ya ualimu, wangapi waliingia chuo, wangapi walihitimu, andalio la somo linaandikwaje, zana zipo au hazipo, na kweli nilipoisoma tena nikaona hakuna mtu mle ndani. Kuna vyeti tu.

Sasa tangu mwezi uliopita nimezama kwenye tafiti za kile wanachoita utambulisho wa kitaaluma wa mwalimu. Jina kubwa lakini jambo lenyewe tunalijua wote tulioshika chaki. Ni hivi, ukikaa kwenye daladala mtu akakuuliza unafanya kazi gani, neno "mwalimu" linatoka lenyewe au mpaka ulivute? Na likishatoka unaongezea "ila kuna vitu nafuatilia fuatilia"? Mimi miaka mitatu ya mwanzo nilikua naongezea.

Kuna Waholanzi watatu, Beijaard, Meijer na Verloop, mwaka 2004 walikusanya tafiti 22 za jambo hili wakazisoma zote pamoja, na moja ya vitu walivyotoa ni kwamba utambulisho huu haupewi siku moja na cheti ukamaliza, unaendelea kujengwa na kubomoka muda wote uko kazini, tena una vipande vipande na kuna wakati vinagombana. Nilivyosoma pale nikaweka simu chini nikamfikiria baba.

Baba ni mwalimu wa UPE, yaani Universal Primary Education, elimu ya msingi kwa wote. Kwa wadogo ambao hamkuikuta, mwaka 1974 Azimio la Musoma liliamua watoto wote wa Tanzania waingie shule ya msingi ikifika 1977, uamuzi mkubwa na mzuri, ila walimu hawakuwepo. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, kuanzia 1976, wakawa wanafundisha hukohuko vijijini huku wanasoma ualimu kwa posta na kwa redio, Mratibu Elimu Kata anapita kuwasimamia, mwishoni wanaitwa chuoni wiki chache kumalizia. Waliohitimu kwa njia hiyo ni zaidi ya 35,000. Elfu thelathini na tano! Vizazi viwili vya nchi hii vimejua a e i o u kutoka kwa hao watu.

Na watu wakawapa jina. UPE wakaigeuza kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Baba alijiendeleza, akatoka daraja C akapanda hadi A akiwa ameshakua na watoto wanne, akafundisha mpaka anastaafu, na bado ofisini pakitokea mabishano kidogo tu na hawa waliotoka chuo, neno linarushwa, "ndo hawa wa UPE hawa." Nimekua nalisikia jina hilo nyumbani bila kulielewa, nikadhani ni aina ya somo.

Halafu likaja la kizazi changu. Mwaka 2004 ulianza ule mpango wa MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, baadae kidogo kila kata ikaambiwa ijenge sekondari, madarasa yakasimama haraka kweli, walimu tena hakuna, vijana waliotoka form six wakapewa kozi ya wiki chache na leseni wakapelekwa. Mtaani wakaitwa vodafasta, kama ile huduma ya kuongeza salio chapchap. Mimi sikupita huko, nilienda chuo kikuu miaka mitatu, lakini nimefundisha nao na nasema wazi kabisa, mwalimu wa hisabati bora niliyewahi kukaa nae meza moja alikua wa leseni. Aliacha. Sio kwamba hawezi, alichoka kuanza kila mwaka kwa kuwathibitishia wazazi, wanafunzi na sisi wenzake kwamba anajua. Mtu akiitwa jina hilo miaka minne, anaenda kulilalia kila siku, anaamka nalo, mwisho hata somo lililoenda vizuri analiona kama bahati.

Kosa la kuwapeleka vijana darasani bila kuwaandaa lilifanywa juu, na kosa hilohilo likafanywa mara mbili, miaka thelathini imepita katikati, ila jina wakabebeshwa wao. Hapo ndo naona utafiti wetu wa elimu ya ualimu una kazi. Tunapima maarifa ya somo, tunapima mbinu, sawa vipimwe, lakini mtu alivyopokelewa ofisini siku ya kwanza tunaliacha kama umbea wa chai ya saa nne.

Mimi siku yangu ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha nilipokelewa kwa "karibu madam, afadhali mmekuja tupumzike", nikapewa vipindi 28 vya Historia na Kiswahili, na huyo mwalimu wa somo sikumuona tena mpaka wiki ya sita. Wanafunzi nao wana macho, wiki ya kwanza tu kijana wa form three kanyoosha mkono, nikafikiri ni swali la Vita ya Majimaji, kumbe anauliza, "madam, wewe ni mwalimu wa fildi?" Darasa likacheka. Nilijibu ndio na sauti ikatetemeka, na kile kipindi chote kilichobaki nilifundisha ubao.

Frances Fuller kule Texas aliandika tangu 1969 kwamba anayejifunza ualimu mwanzoni anajihofia yeye mwenyewe kwanza, nitaonekanaje, nitaweza kulituliza darasa, watanipenda, na habari za mtoto anaelewa au haelewi zinakuja baadae. Ningekua nimeambiwa hilo chuoni ningelia kidogo tu pale nyumba ya walimu badala ya kulia sana. Tuliambiwa kuhusu malengo mahususi, tukaambiwa kuhusu hatua za somo. Hofu hatukuambiwa.

Alafu kuna hili la lugha. Dan Lortie, mwanasosholojia wa Marekani, mwaka 1975 alisema mtu anaingia chuo cha ualimu akiwa tayari kashakaa mbele ya walimu kama saa 13,000 tangu utotoni, kwahiyo ualimu anaoujua ni ule aliouona akiwa kwenye dawati. Kwa huku kwetu ongeza na hili: mwalimu niliyemuona primari alikua anafundisha kwa Kiswahili, anatania, anatega kitendawili, anapiga hadithi mpaka kengele inalia. Niliyemuona sekondari alikua anaandika notisi za kiingereza ubaoni na kugeuka anasema "any question?" Yaani ni watu wawili. Na mimi nikawa hivohivo. Kipindi cha Kiswahili nilikua mtu mzima mwenye maneno yake, naingia cha Historia chumba kilekile watoto walewale, nakua mdogo, natafuta sentensi, utani umenikauka. Ile habari ya vipande kugombana nimeiishi kati ya kipindi cha tatu na cha nne, na nilikua najilaumu kwamba sijui Historia! Historia niliijua. Ila ile Historia niliyoijua haikua na mlango wa kutokea.

Jumapili nilimpigia baba. Nilimwambia shikamoo, nikamwambia nafanya utafiti nataka nimuulize swali kama mwalimu na sio kama baba, akasema subiri nitoke nje mtandao ushike. Nikamuuliza alianza lini kujiona mwalimu. Nilitegemea atataja kuhitimu, au siku alipopata daraja A maana kile cheti alikiweka fremu. Akanyamaza nikafikiri simu imekata.

Akasema miaka ya mwanzo mratibu alikua anakuja na baiskeli bila taarifa, anaingia kwa mlango wa nyuma, na kila akiingia watoto wote wanageuka kumuangalia, na yeye baba anageuka nae, chaki inamdondoka, anakua mwanafunzi tena kama wao, alikua na miaka kumi na nane tu. Sasa kuna siku, haikumbuki mwaka, alikua anafundisha kutoa kwa kukopa, ana vijiti mezani, watoto wamemzunguka, anakuja kumaliza anainua kichwa anamuona mratibu kakaa nyuma ana daftari limejaa maandishi. Hakuna mtoto aliyegeuka. Hakujua kaingia saa ngapi.

"Siku hiyo," akasema. Akaniuliza na wewe je? Nikamwambia baba salio linaisha.

Nimelihamisha lile swali la kwanza kwenye mwongozo wangu wa usaili, lilikua "ulihitimu chuo gani na mwaka gani," nimeliweka la mwisho. La kwanza sasa ni lile nililomuuliza baba, na la pili nitauliza umewahi kuitwa majina gani. Propozo naipeleka Alhamisi.