Siku moja chumba cha chanjo: kabla ya sindano, nauliza

Saa 1:20 asubuhi. Nafungua jokofu la chanjo: nyuzi 4. Inatakiwa iwe kati ya 2 na 8. Naandika kwenye chati, napanga vibebea chanjo.

Saa 2:00. Mabenchi yamejaa. Leo kwenye elimu ya afya nimeeleza chanjo hai: BCG ya kifua kikuu, matone ya polio, rota ya kuhara, surua-rubela. Vimelea vyake ni hai ila vimedhoofishwa. Mtoto mwenye kinga nzuri anavimudu, lakini aliyeporomoka kinga anaweza kuugua kwa vimelea hivyohivyo.

Saa 3:40. Nimechanganya kichupa cha surua-rubela, dozi 10, kinatumika ndani ya muda wa saa sita tu tangu kuchanganywa. Anaingia bibi na mjukuu wa miaka miwili, uso umejaa. Dozi ya miezi 18 ilimpita.

"Bibi, kuna dawa anayotumia?"

"Hakuna, mwanangu. Hizi za figo tu."

Anafungua fundo la khanga. Prednisolone, vidonge vinne vya miligramu 5 kila asubuhi, wiki ya tatu sasa. Mizani inasema kilo 10. Dozi hiyo, kwa zaidi ya wiki mbili, inashusha kinga kiasi kwamba chanjo hai hatumpi. Tutasubiri angalau mwezi mmoja baada ya dozi kubwa kuisha, kwa ushauri wa daktari wake. Kadi yake haikuwa na neno lolote juu ya dawa hizo, nami ningeweza kumchoma. Nimeandika kwa kalamu nyekundu.

"Sasa akikutana na mwenye surua?"

Swali zito kuliko langu. Nikamwambia amlete siku hiyohiyo, asingoje vipele. Na waliomo nyumbani wachanjwe wote, maana virusi vya chanjo ya surua havimrukii mwenzake. Kaka yake, miaka mitatu na nusu, ana dozi moja tu.

Saa 5:00. Mama mmoja ameondoka kwenye foleni, nimemfuata hadi getini. Mtoto wake wa miezi 9 ana VVU, yuko kwenye ARV tangu mchanga. Maneno yangu ya asubuhi yalimtisha, na hapo kosa ni langu: sikumalizia. Tumeingia chumba cha ndani, nikampigia mwenzangu wa CTC, kliniki ya matunzo ya wenye VVU. CD4, yaani chembe za kinga, ziko vizuri, uzito unapanda. Mtoto kama huyu anachanjwa surua, kwa sababu surua yenyewe kwake ni hatari mno. Anayeahirishiwa ni yule ambaye kinga imeshuka sana. Amechomwa, amelia, amenyonya.

Saa 7:00. Ripoti na chakula.

Saa 9:15. Kichupa kimebakiwa na dakika 25 na dozi mbili. Bibi amerudi jasho likimtoka, kamshika mkono kaka mtu.

"Nimemtoa kwenye mpira," anasema. "Mchome, nesi."