Kumbukumbu ya mradi: feni ya tanuru na joto la ghorofani

18 Juni. Nyumba yetu hapa Minneapolis haina kiyoyozi, ila ina tanuru la gesi linaloipasha joto majira ya baridi, na feni ya tanuru hilo husukuma hewa kupitia mabomba ya bati hadi kila chumba. Jioni ya leo chumba cha watoto, ghorofani, kilikuwa na nyuzi 30, ilhali chumba cha chini ya ardhi, ambacho kuta zake zimezungukwa na udongo, kilikuwa na nyuzi 20. Baridi hiyo ya chini nataka kuipandisha juu.

19 Juni. Nilizima umeme wa tanuru, nikabadilisha chujio lililojaa vumbi, kisha nikahamisha swichi ya feni kutoka AUTO hadi ON ili izunguke bila moto kuwaka. Saa tatu baadaye ghorofani palifika nyuzi 29 tu. Feni haizalishi baridi, na mota yake ya kizamani, inayokula wati 400 hivi, huongeza joto lake yenyewe.

23 Juni. Kasoro nimeiona: matundu yote ya kunyonya hewa yako juu, hivyo feni ilikuwa ikizungusha hewa ileile ya moto. Nilizibua tundu moja la chumba cha chini ya ardhi lililokuwa limefunikwa kwa ubao, mbali na tanuru. Hatua hii ina hatari, kwa sababu hita ya maji ya gesi imo katika chumba hicho, na feni ikivuta kwa nguvu inaweza kurudisha ndani moshi wake pamoja na monoksidi ya kaboni, gesi inayoua bila harufu. Kwa hiyo, hita ikiwaka, feni ikizunguka na milango yote ikiwa imefungwa, niliwasha kijiti cha udi kando ya mdomo wa bomba la moshi, nikahakikisha kwamba moshi wa udi unavutwa juu. Kisha nikaweka king'ora cha gesi hiyo, na hapo ndipo nilipokubali feni izunguke usiku kucha.

1 Julai. Sasa tunafungua madirisha saa tatu usiku na kuyafunga saa moja asubuhi, isipokuwa usiku wenye unyevu mwingi. Leo alfajiri chumba cha watoto kilikuwa na nyuzi 24. Kesho nitapunguza uwazi wa matundu ya kutoa hewa sebuleni ili hewa zaidi ipande kwao.